Kundi la Kungoja

Familia nyingi za Nairobi siku hizi zina daktari wao, na daktari huyo ni grupu ya WhatsApp. Asubuhi, kabla hata ya chai, ujumbe umeshaingia. Chemsha tangawizi na ndimu, presha itashuka. Loweka bamia usiku, sukari itaisha. Tembea hatua elfu kumi kila siku, utazika maadui wako wote. Na kila ujumbe una shahidi wake: kuna shangazi wa mtu huko Kikuyu alikunywa hiyo kitu, akapimwa baada ya mwezi mmoja, namba ikawa chini. Ukibisha unaulizwa, kwani unamwita shangazi mwongo?

Simwiti mwongo. Naamini alikunywa, naamini alipimwa, na naamini namba ilishuka. Shida yangu ni ile hadithi ambayo hakuna anayeweza kuisimulia: shangazi huyo huyo, mwezi huo huo, bila tangawizi. Namba yake ingekuwa ngapi? Hatujui, na hatutajua, kwa sababu shangazi ni mmoja tu na mwezi huo haurudi.

Ninataka kuzungumzia watu ambao kazi yao ni kuwa huyo shangazi wa pili. Vyuo vikuu vinapofanya jaribio la afya, tuseme la mazoezi au la chakula, watu hugawanywa. Wengine wanapewa kitu kipya. Wengine hawapewi, au wanapewa kile cha kawaida, halafu wanapimwa vilevile. Kitaalamu hao wa pili ni kundi la ulinganisho. Mimi nawaita kundi la kungoja. Na swali langu ni hili: ni haki kumwita mtu, kumpima, kumwambia kuna kitu ambacho huenda kikamsaidia, halafu kumkosesha kwa kura? Na kama ni haki, anatudai nini?

Tuanze na sababu ya kura yenyewe, kwa sababu watu wengi hapo ndipo wanapokasirika.

Mwaka 1953, daktari wa London aliyeitwa Jerry Morris alichapisha na wenzake utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jiji hilo. Dereva alikuwa anakaa siku nzima. Kondakta alikuwa anapanda na kushuka ngazi siku nzima akikata tiketi. Morris aligundua kwamba makondakta walipata ugonjwa wa moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva, na wale waliopata hawakufa ghafla kwa wingi kama madereva. Yeyote aliyewahi kupanda mathree ya Kawangware anaipata hii bila mchoro. Dere yuko kwenye kiti tangu saa kumi na moja alfajiri. Makanga ananing'inia mlangoni, anaruka, anakimbia, anapiga bodi makofi, anarudi ndani kukusanya nauli. Ukiuliza mtaani ni nani kati yao ana moyo wenye nguvu, hakuna atakayefikiria mara mbili.

Lakini Morris alifikiria mara mbili. Mwaka 1956 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi mwingine, safari hii wa sare. Kampuni ya mabasi ilikuwa na rekodi za vipimo vya suruali. Ikaonekana suruali za madereva zilikuwa pana kiunoni kuliko za makondakta, hata kwa wale waliokuwa bado vijana. Sasa hapo kuna shida. Labda si kiti kilichomharibu dereva. Labda mtu mwenye mwili mzito tangu mwanzo ndiye anayependelea kazi ya kukaa, na mwembamba ndiye anayechukua kazi ya kupanda ngazi. Tafiti nyingi zilizofuata zilimuunga mkono Morris kuhusu mazoezi. Lakini kwa ushahidi wa mabasi peke yake, mtu angeweza kubishana naye hadi jioni.

Kura ndiyo inayomaliza ubishi huo. Ukichukua watu elfu tatu na kurushia kila mmoja sarafu, wavutaji sigara watagawanyika karibu sawa pande zote mbili. Wenye baba aliyekufa kwa kiharusi pia. Wapenda mutura pia. Wenye stresi ya landlord pia. Hata mambo ambayo mtafiti hajui kuyauliza yatagawanyika. Daktari mwenye huruma akiachwa achague, atawapa dawa mpya wale anaoona wanaihitaji zaidi, na hapo atakuwa ameharibu kila kitu kwa wema wake, maana hatutajua kama matokeo ni ya dawa au ya watu aliowachagua. Sarafu haina huruma, na pia haina upendeleo.

Kwa hivyo nakubali kura. Lakini kuikubali kwenye karatasi ni rahisi kuliko kuwa wewe ndiye uliyeangukiwa na upande wa pili, na hapo ninaongea kama mtu aliyeangukiwa.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni (baadaye niliacha, hiyo ni hadithi ya karo na ya siku nyingine), karatasi ilibandikwa karibu na maktaba. Walikuwa wanatafuta wanafunzi wasiofanya mazoezi. Sifa hiyo nilikuwa nayo tele. Tulipimwa uzito, kiuno na presha, tukapandishwa na kushushwa kistuli kwa dakika tatu huku mtu akihesabu mapigo ya moyo. Kisha kila mmoja akapewa bahasha. Rafiki yangu alitoka Kundi A: mazoezi na kocha mara tatu kwa wiki, jioni, uwanjani. Yangu iliandikwa Kundi B: endelea na maisha yako kama kawaida, rudi baada ya wiki 12.

Ni jambo la ajabu kuombwa uendelee kama kawaida. Wiki ya tatu nilianza kutamani kukimbia, mimi ambaye sikuwahi kukimbilia hata basi. Nilikuwa namwona mwenzangu akirudi na jasho na njaa, akilala kama gunia. Lakini nilikuwa nimeweka sahihi. Kazi yangu ilikuwa kubaki vile nilivyokuwa, kwa uaminifu, ili mwenzangu aweze kulinganishwa na kitu. Tuliahidiwa mambo mawili: kwamba Kundi B tungepewa mazoezi yaleyale baadaye, na kwamba wote tungetumiwa matokeo kwa SMS. Wiki ya 12 nilirudi nikapimwa, nikapewa nauli yangu ya shilingi 500. Kocha hakuja. SMS hiyo sijaipata hadi leo.

Chuo sitakitaja, na sijaleta kesi. Ninalisema kwa sababu rafiki yangu mmoja, ambaye sasa ni muuguzi, aliposikia habari hii alinicheka. "Sasa wewe ulipoteza nini, bana? Ulilipwa, ukakaa tu." Nimelifikiria swali lake kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia.

Kwanza, hiyo "kukaa tu" ndiyo inayobeba mzigo mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Magharibi mwa Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa mpango wa AMPATH, ulio na makao Eldoret, walifanya jaribio lililoitwa BIGPIC, na matokeo yakachapishwa 2021. Walikuwa watu 2,890, wenye kisukari au walio katika hatari ya kukipata, na wengi presha yao ilikuwa juu: wastani wa namba ya juu ulikuwa kama 157. Waligawanywa mara nne. Kuna waliopata huduma ya kawaida ya kliniki. Kuna walioingizwa kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, yaani chama kama tunavyokijua. Kuna waliokutana na mhudumu wa afya kwa vikundi badala ya kila mtu kupanga foleni yake. Na kuna waliopewa vyote viwili, chama na kliniki ya kikundi.

Baada ya mwaka mmoja, waliopata vyote viwili presha yao ilikuwa imeshuka kwa wastani wa nukta 16.4. Ukisikia hiyo namba peke yake, unashika simu unatuma kwenye grupu ya familia: chama kinatibu presha! Lakini wale wa huduma ya kawaida nao walishuka nukta 11.4. Hesabu ya makini ilipofanywa, faida ya ziada ilibaki kama nukta 4, na watafiti wenyewe waliandika kwamba kwa kipimo kikali cha takwimu hawawezi kuapa kwamba faida hiyo si bahati. Inaweza kuwa kubwa na ya maana, inaweza kuwa karibu na sifuri.

Kwa nini waliongoja walishuka? Sababu ziko kadhaa, na hakuna ya uchawi. Ukichagua watu siku ambayo namba yao iko juu, wengi wao siku nyingine watakuwa chini kidogo hata usipofanya lolote, kwa sababu presha hupanda na kushuka. Pia mtu akipimwa na kuambiwa namba yake, anashtuka, anapunguza chumvi, anakumbuka dawa. Na kliniki ya kawaida nayo si bure kabisa. Yote hayo yamo ndani ya zile nukta 11, na yamo pia ndani ya mwezi mmoja wa shangazi wa Kikuyu.

Hapa Nairobi jambo kama hilo limetokea pia. Kituo cha utafiti cha APHRC na washirika wao wa Amsterdam waliendesha mradi ulioitwa SCALE UP kuanzia 2012. Korogocho walipewa huduma: wahudumu wa afya ya jamii wakapita mlango kwa mlango wakipima presha, waliogunduliwa wakaelekezwa kliniki, gharama ikapunguzwa, vikundi vikaundwa. Viwandani ndio walikuwa wa kulinganishwa. Mwishowe, kwa wale waliokuwa na presha tangu mwanzo, namba zilishuka Korogocho na zikashuka Viwandani, karibu sawa. Bila Viwandani tungeshangilia. Kwa sababu ya Viwandani tunajua kwamba kazi bado ipo. Hiyo ni zawadi, hata kama haina ladha ya zawadi.

Na Tanzania, huko Moshi, watafiti wa KCMC na wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walichapisha mwaka 2025 jaribio la wanaume 77 wenye afya njema. Wanaume wa vijijini waliozoea chakula cha asili walipewa kwa wiki mbili chakula cha kizungu: soseji, mkate mweupe, chipsi. Wa mjini wakapewa chakula cha asili, mboga, maharage, ndizi na nafaka. Kundi lingine lilikunywa mbege kwa wiki moja. Damu za waliohamia soseji zilionyesha dalili zaidi za uvimbe wa ndani, ule unaoambatana na magonjwa ya moyo na kisukari, na za waliorudi kwenye chakula cha asili au mbege zilielekea upande wa pili. Sehemu ya mabadiliko ilionekana hata wiki 4 baadaye. Watu walisambaza habari hiyo kwa furaha, hasa ile ya mbege. Mimi niliwafikiria wanaume 10 ambao katika jaribio hilo hawakubadilishiwa chochote. Walikula chakula chao cha kawaida na kutoa damu. Bila hao 10, mtu angesema labda wiki hizo kulikuwa na mafua Moshi.

Kwa hivyo jibu langu la kwanza kwa rafiki yangu: aliyekaa tu alifanya kazi. Hakupewa tu nauli ili anyamaze. Bila yeye aliyekimbia hathibitishi chochote.

Jibu la pili ni gumu zaidi. Kungoja kunaweza kugeuka wizi, na mpaka wake lazima tuujue. Mwaka 1932, huko Tuskegee, Alabama, serikali ya Marekani ilianza kuwafuatilia wanaume weusi maskini, 399 wakiwa na kaswende na 201 bila. Hawakuambiwa ukweli. Miaka ya 1940 penisilini ilipojulikana kuwa inatibu, hawakupewa. Waliachwa wangoje hadi 1972, siri ilipofichuka kwenye magazeti. Kura au bila kura, hilo halikuwa jaribio tena, kwa sababu jibu lilikuwa limeshapatikana. Mpaka ni huo: una haki ya kumngojesha mtu pale tu ambapo wewe mwenyewe, kwa dhati, hujui ni kundi gani limepata bahati. Siku utakapojua, kungoja kunaisha.

Wapo waliouheshimu mpaka huo. Mwaka 1996 Marekani ilianza jaribio kubwa la kuzuia kisukari, watu 3,234 waliokuwa karibu kuugua. Kundi moja lilifundishwa kula vizuri na kutembea angalau dakika 150 kwa wiki. Lingine lilipewa metformini. La tatu lilipewa kidonge kisicho na dawa. Jaribio lilisimamishwa mwaka mmoja kabla ya muda, 2001, kwa sababu matokeo yalikuwa wazi: kutembea na kula vizuri kulipunguza visa vipya vya kisukari kwa asilimia 58, metformini kwa 31. Halafu wakafanya kile ninachokipenda kuliko asilimia zote. Mafunzo yale ya kula na kutembea wakawapa wote, hata wale wa kidonge kitupu. Waliongoja wakalipwa.

Sasa turudi Riruta, kwa sababu hapa swali linachukua sura nyingine. Saa kumi na mbili asubuhi, Naivasha Road imejaa watu wanaotembea. Wanatoka Kawangware, Kabiria, Satellite, wanaelekea mjengo na kazi za nyumba Lavington na Kilimani. Hizo dakika 150 za Wamarekani hapa zinaisha Jumanne. Hakuna kati yao anayeita hiyo "mtindo wa maisha". Mtindo ni kitu unachochagua, na wao wanatembea kwa sababu nauli ikitoka, unga hautatosha.

Mama anayeniuzia sukuma karibu na stage ana presha. Amepimwa mara tatu na vikundi vitatu tofauti vya vijana wenye tableti. Nilipomuuliza waligundua nini, alicheka. "Hao? Wanakuja na mkanda, wanaenda na namba zangu. Mimi nabaki na mkono umefinywa tu, kijana wangu." Hajui kama alikuwa kundi la kupewa au la kungoja. Nashuku hakuna aliyemwambia kwamba kulikuwa na makundi.

Hapo ndipo mimi naona deni. Jaribio linapoandika "huduma ya kawaida", hayo maneno yanasikika safi. Lakini kwa huyu mama huduma ya kawaida ni foleni tangu alfajiri, na dawa ambayo leo ipo, mwezi ujao haipo, nenda ukanunue. Mtafiti hakuuleta umaskini huo, sawa. Lakini ameutumia kama rula. Amepima kitu chake kipya dhidi ya ukosefu wa huyu mama, na bila ukosefu huo asingekuwa na la kulinganisha. Kura ya jaribio ilikuwa ya haki, kila mtu alikuwa na nafasi sawa. Ile kura nyingine, ya nani azaliwe Lavington na nani atembee kwenda kufua huko, haikupigwa na yeyote wala haikuwa ya sawa. Ukitumia matokeo ya kura hiyo kupata maarifa, huwezi kuondoka kana kwamba ulikuta ardhi tupu.

Wengine husema basi tusifanye tafiti kwa maskini kabisa, mia tano kwa mtu mwenye njaa si hiari, ni kununua. Naielewa hofu hiyo, lakini sikubali. Tukiacha, tutabaki na majibu ya London na Marekani, ya miili yenye friji na njia ya kukimbilia jioni. Hakuna atakayejua kama chama kinasaidia presha, au kama ndizi za Moshi ni bora kuliko soseji. Tutabaki na grupu ya WhatsApp. Kuwaacha watu nje ya maarifa nako ni kuwangojesha, tena bila hata kuwaambia kwamba wanangoja.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana. Aliyengoja aambiwe jibu, kwa lugha yake, na mtu aliyerudi mtaani kumtafuta, hata kama jibu ni kwamba hakuna tofauti iliyoonekana. Kitu kikifanya kazi, yeye awe wa kwanza kukipata. Ushahidi tayari ameutoa kwa mwili wake. Kamati za maadili zinazopitisha tafiti hizi husoma kwa makini fomu ya kuingia. Ningependa zisome kwa ukali uleule mpango wa kuondoka: nani atapiga simu, lini, kwa pesa ipi iliyotengwa kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Na wewe, ukiona karatasi imebandikwa karibu na maktaba, usikimbie. Ingia. Watu wanaokuja baada yako wanahitaji namba zako. Lakini kabla ya kuweka sahihi, uliza kwa sauti, mbele ya wenzako: nikitoka kundi la kungoja, nitaambiwa lini, na na nani? Waandike jina na tarehe kwenye nakala yako. Halafu uitunze.